KUKATAA SI KUFIKA
Khabari za ukuta wa chuma unaotakiwa kujengwa pwani ya ghala letu



Wengi wenu mmekwisha sikia kwamba Halmashauri yetu ilikuwa karibu kutia saini karatasi ya kujengewa ukuta wa mabamba ya chuma ufukweni, nyuma ya ghala, na kwamba siku ile ile ikaahirisha. Maneno yamekuwa mengi tangu hapo. Wako wanaosema fedha zimekwisha, na wako wanaosema tumegombana na mkandarasi. Yote mawili si kweli. Fedha zenu zipo kama zilivyokuwa, na mkandarasi tuliagana naye kwa wema. Lililotuzuia ni swali moja tu, na aliyeliuliza hakuwa hata mjumbe wa Halmashauri.

Siku hiyo tulikaa barazani kwa ghala, karatasi iko mezani na kalamu iko tayari. Tulikuwa tukisoma sharti la nne, linalosema kwamba mabamba yatapigiliwa ardhini "mpaka yatakapokataa". Bibi mmoja mwanachama, aliyekuja kuulizia magunia yake, alikuwa ameketi pembeni akisikiliza. Akasema, "Samahanini wanangu. Na yakikataa juu juu, je?"

Tukatazamana. Hapakuwa na mmoja wetu mwenye jibu, naye mkandarasi alisema tu kwamba bamba likikataa ndiyo limefika. Basi tukaifunga kalamu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwauliza mainjinia, wachimba visima wetu wa hapa, na vitabu. Tuliyoyapata tunayaandika hapa, ili kila mwanachama aje Mkutano Mkuu akijua anainua mkono kwa ajili ya jambo gani.

Haja ya ukuta

Haja yenyewe haina ubishi. Ghala lilipoezekwa, kutoka pembe yake ya chini mpaka ukingo wa hori palikuwa na hatua 22. Baada ya masika yaliyopita tulipima tena tukapata hatua 13. Mikoko iliyokuwa ikivunja mawimbi mbele yake imekatwa, na wa kulaumiwa ni sisi sote. Bandu bandu huisha gogo. Pakiachwa hivi, iko siku pembe ile itaning'inia, na ndani yake mna karafuu za watu.

Mabamba yenyewe

Bamba tunalolisema si bati la kuezekea. Ni chuma kinene kilichokunjwa mfano wa mfereji, upana wake hupata nusu mita au zaidi, na urefu wake mita nyingi kwa kadiri ya kazi. Wenyewe wa kazi huliita shitipaili. Pembeni mwake, huku na huku, mna ndoana ndefu iliyojikunja kutoka juu mpaka chini. Bamba la pili huteremshwa huku ndoana yake ikipita ndani ya ndoana ya la kwanza, kama mtu anavyofungamanisha vidole vya mikono miwili. Yakipangwa hivyo hata mwisho, huwa ukuta mmoja usiopitisha udongo. Bamba la namna hii linajulikana kwa jina la injinia Tryggve Larssen wa mji wa Bremen, Ujerumani, na mwaka 1902 lilitumika katika bandari ya Hohentorshafen, mjini humo humo.

Sasa tuangalie linavyosimama, maana hapa ndipo penye siri yote. Ukuta wa mawe husimama kwa uzito wake. Ukuta wa mabamba hauna uzito wa kuusimamisha. Husimama kwa sababu ardhi imeushika miguu. Udongo ulio nyuma huusukuma uelekee baharini, na ardhi iliyo mbele ya mguu huuzuia usiende. Ni kama kigingi cha ng'ombe. Ukikizamisha dhiraa nzima, ng'ombe atavuta mpaka achoke. Ukikizamisha shubiri moja, atakwenda nacho mpaka muhogoni kwa jirani. Kwa ukuta usiofungwa nanga nyuma yake, sehemu iliyozama mara nyingi hulingana na sehemu iliyo wazi, au huizidi, kwa kutegemea udongo. Kwa hiyo anayenunua ukuta wa mabamba ananunua kina, na kina hakionekani.

Kuna mfano mkubwa wa jambo hili. Mji wa New Orleans, huko Marekani, sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, na mifereji yake ilizungushiwa mabamba ya chuma yenye ukuta wa zege juu yake. Tarehe 29 Agosti 2005, katika tufani ya Katrina, ukuta wa mfereji uitwao 17th Street ulisukumwa ukaachia, hali maji hayajafika hata ukingo wake wa juu. Watu walidhani wajenzi wameiba urefu wa chuma. Mwezi wa Disemba mwaka ule mabamba kadhaa yaling'olewa yakapimwa, yakaonekana sawa na yalivyoandikwa katika ramani, kiasi cha futi 23 na nusu. Wizi haukuwapo. Kosa lilikuwa ndani ya ramani: ncha za mabamba zilikomea kiasi cha futi 17 na nusu chini ya usawa wa bahari, na sakafu ya mfereji wenyewe ilikuwa chini zaidi, kiasi cha futi 18 na nusu. Jaribio lililofanywa Louisiana mwaka 1985 lilikuwa limesomwa vibaya, ikadhaniwa kwamba kuzidisha kina hakuongezi nguvu ya maana. Kwa njia hiyo katika kuta za mifereji ile paliokolewa kiasi cha dola milioni 100, na baadae mji ukazama. Udongo wa kule ni laini na wa kwetu una mawe, lakini somo ni lile lile. Bamba fupi husimama vizuri mpaka siku ya kazi.

Nyundo na ardhi ngumu

Kulizamisha bamba kuna nyundo za namna mbili kuu. Moja hupiga, nyingine hutetemesha.

Ya kupiga ina historia nzuri. Mwaka 1845, huko Devonport, Uingereza, bwana mmoja James Nasmyth aliishindanisha nyundo yake ya mvuke na kundi la wafanyakazi wenye nyundo ya zamani. Kila upande ulipewa nguzo ya mti ya futi 70, nene inchi 18. Ya Nasmyth ilizama kwa dakika 4 na nusu. Ya wenzake ilichukua zaidi ya saa 12. Nyundo yake ilikuwa nzito, kiasi cha tani 4, ikianguka karibu karibu, futi 3 hivi, na mapigo yake yalikuwa kama 80 kwa dakika. Ile ya zamani ilikuwa nyepesi, ikidondoshwa kutoka juu sana, na badala ya kuzamisha ikachana kichwa cha nguzo. Mkulima hana haja ya kufundishwa haya. Kigingi ukikipiga kwa jiwe dogo kwa hasira, kinachanua kama ua. Ukikipiga kwa nyundo nzito kwa utaratibu, kinakwenda.

Nyundo ya kutetemesha hulikamata bamba kichwani na kulitikisa kwa kasi. Katika mchanga wenye maji hufanya kazi ya ajabu, kwani chembe za mchanga huachana na bamba likateremka kama kijiko katika uji. Katika udongo wa mfinyanzi uliokauka haina msaada mkubwa, na juu ya jiwe haifanyi kitu.

Mabwana wa kazi hii wamejiwekea mpaka. Mapigo 10 yakishindwa kuliteremsha bamba kupita milimita 25, basi limekataa, na kuendelea kupiga ni kuliharibu. Huko ndiko "kukataa" kulikoandikwa katika sharti la nne. Lakini sikilizeni vizuri. Kukataa kunasema jambo moja tu, kwamba bamba hili kwa nyundo hii haliendi tena. Hakusemi lililolizuia ni nini. Huenda limefika kwenye mwamba mzima, nayo ni kheri. Huenda limegonga jiwe moja lililojilalia peke yake. Huenda nyundo ni nyepesi. Huenda ndoana yake imekwama kwa mwenzake kwa sababu ya kwenda upande. Huenda kichwa chake kimepinda, ikawa nguvu yote ya pigo inaliwa na kichwa na mguu haupati kitu. Sababu zote tano, ukisimama juu, hutoa sauti moja.

Kwetu sisi iko ya sita, na hii tulifundishwa na mzee wetu mmoja mchimba visima, ambaye hakusoma skuli lakini amekwisha teremka ndani ya ardhi ya hori hii mara nyingi kuliko mtu yeyote. Tulimkuta kwake tukamsomea sharti la nne. Akacheka, akasema, "Hilo jiwe la pwani ni kawa tu, wanangu. Mnaliona limefunika, mnadhani ndiyo chakula. Likifunuliwa, chini yake mchanga." Akatuonyesha kisima chake mwenyewe: juu udongo mwekundu, kisha mfinyanzi, kisha bamba la jiwe la matumbawe lililomchosha kwa mtaimbo siku nyingi, na chini ya jiwe, mchanga wa maji. Mainjinia nao wametuambia maneno hayo hayo kwa lugha yao. Jiwe la matumbawe lina tabia ya kuwa gumu juu na laini au tupu chini, na pango linaweza kuwapo mahali ambapo hatua mbili mbele yake hapana. Bamba lililokalia kawa limekataa kweli, lakini halijashikwa na chochote. Siku bahari itakapolikomba jiwe lile kutoka mbele, mguu utakuwa hewani.

Tuliyoyaona kwa macho

Iko pwani moja, hatutaitaja wala hatutamtaja aliyeijenga, ambako wajumbe watatu wa Halmashauri walikwenda kutazama ukuta wa namna hii. Ukitazama kwa mbali ni mzuri, umenyooka na umepakwa rangi. Mlinzi wa pale alitueleza kwamba mabamba ya katikati yaligonga jiwe, yakapigwa kutwa nzima mpaka vichwa vyake vikajikunja. Kisha vichwa vikakatwa kwa moto, vyote vikawa sawasawa, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Baada ya masika ya pili sakafu ya nyuma ikaanza kudidimia. Tulishuka maji yalipokupwa tukaona sababu yake. Chini ya maji ndoana za mabamba mawili zilikuwa zimeachana, pakabaki mwanya wa kuingia mkono, na kila maji yanapotoka hutoka na mchanga wa nyuma. Ukuta umesimama, na ardhi uliyowekwa kuilinda inapita ubavuni mwake.

Jambo hilo la ndoana kuachana huja khasa katika ardhi ngumu. Bamba likigonga jiwe kwa pembe moja, mguu hugeuka, nyundo huendelea kupiga, na ndoana huchanika chini huko ambako hapana jicho. Dalili yake ni bamba lililokuwa likikataa kisha ghafla likawa jepesi. Asiyeandika mapigo hataijua dalili hiyo, naye anaweza kufurahi kwamba kazi imerahisika.

Ardhi ngumu ina dawa

Tusije tukadhani kwamba palipo na jiwe hapajengwi. Dawa ziko, na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni kutangulia kutoboa. Keekee kubwa huingia katika mstari wa ukuta, hulivunja jiwe na kuliacha udongo wake mahali pake, kisha bamba hufuata njia iliyokwisha lainishwa. Kwa jiwe la kawa hii ndiyo dawa iliyosifiwa kwetu kuliko zote.

Ya pili ni kupiga kwa zamu. Mabamba husimamishwa mengi pamoja ndani ya fremu imara, yakapigwa kidogo kidogo kwa hatua, na yasipigwe moja moja mpaka mwisho. Katika ardhi ngumu sana hutangulizwa la kwanza, la tatu na la tano, yaliyotiwa nguvu miguuni, halafu la pili na la nne hufuata katikati. Hivyo ukuta hauinami kuelekea unakokwenda.

Ya tatu ni kupeleka maji kwa nguvu mguuni mwa bamba ili yaulegeze mchanga. Hii kwetu tunaiogopa. Hatua 13 kutoka hapo pana msingi wa ghala, na maji hayachagui mchanga wa kuuchukua. Kadhalika nyundo nzito na nyundo ya kutetemesha zinaweza kuufanyia ufa ukuta wetu wa mawe na chokaa. Ikitumika yoyote kati yao, nyufa zilizopo ziandikwe kwanza na zitazamwe kila siku.

Wajapani wana njia ya kulisukuma bamba kimya kimya bila ya kulipiga. Mashine iliyobuniwa na Bwana Akio Kitamura wa Kochi mwaka 1975 huyashika mabamba yaliyokwisha zama, ikayafanya nanga yake, ikalisukuma linalofuata, na siku hizi huweza kwenda pamoja na keekee kwa ajili ya ardhi ngumu. Tunaitaja ili mjue ipo. Kwa mfuko wa chama chetu, hatuitii katika hesabu.

Na iko dawa ya nne, ambayo hakuna muuza chuma atakayeitaja wa kwanza. Likionekana jiwe liko karibu, ni zima, na ni nene, basi hatuna haja ya mabamba. Jiwe lenyewe ndilo msingi. Tutajenga juu yake ukuta wa mawe, au vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, kwa mafundi wetu wa hapa hapa. Ugumu ambao ni adui wa bamba ni rafiki wa mawe.

Kupima kwanza

Mnaona basi kwamba kila dawa inangoja jibu la swali moja: chini kuna nini, na kwa unene gani? Jibu hilo halipatikani kwa kubahatisha. Kuna kipimo cha kawaida, kinachotumika dunia nzima. Hutobolewa shimo jembamba, ikateremshwa bomba ya kuchukulia udongo, ikapigwa kwa nyundo ya kilo 63 na nusu inayodondoshwa kutoka sentimita 76. Sentimita 15 za mwanzo hazihesabiwi, kisha huhesabiwa mapigo ya kuizamisha sentimita 30. Mapigo machache ni udongo laini. Yakifika 50, ardhi ni ngumu kweli kweli. Shimo likifika kwenye jiwe hutobolewa jiwe lenyewe, likatolewa kama mchi, watu wakaliona kwa macho unene wake na yaliyo chini yake. Shimo lisikomee juu ya jiwe, maana hapo litakuwa limefanya kosa lile lile la bamba.

Tunayoyaleta Mkutanoni

Halmashauri inakubali kosa lake. Tulikuwa tayari kununua chuma kabla ya kuijua ardhi, na lau si bibi yule, tungelikuwa tumekwisha nunua. Sasa tunaomba idhini yenu kwa mambo manne.

1. Sehemu ya fedha za ukuta itumike kutoboa mashimo matatu katika mstari wa ukuta, pembe mbili na katikati, na kila shimo lilivuke jiwe.

2. Sharti la nne lifutwe. Badala yake kiandikwe kina ambacho kila bamba lazima likifikie, na iandikwe kwamba likikataa kabla ya hapo, kazi isimame na injinia aitwe. Asikatwe kichwa bamba lolote bila ya idhini ya maandishi.

3. Mapigo ya kila bamba yaandikwe katika daftari, kwa kila nusu mita, na kijana wetu mmoja aliyesoma asimame pale kutwa akiandika. Daftari libaki mali ya chama.

4. Kabla ya masika, magunia ya mchanga yapangwe ukingoni kwa kazi ya pamoja, na karafuu zote zihamishiwe upande wa juu wa ghala.

Hatutaki kuwaficha gharama ya shauri hili. Kupima kutatuchukua msimu mzima, na bahari haitatungoja. Tukikosa bahati, masika yajayo yanaweza kula hatua nyingine mbili tatu. Wako wajumbe wenzetu wanaoona kwamba khatari hiyo ni kubwa kuliko ya jiwe, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawana makosa katika khofu yao, na watapewa nafasi ya kusema. Sisi tuliobaki tunaona kwamba kuchelewa msimu mmoja tukiwa na hatua 10 ni afadhali kuliko kuwahi, tukalala usingizi nyuma ya ukuta usio na miguu. Kura ni yenu.

Yule bibi tulimpelekea khabari kwamba swali lake limesimamisha kazi ya mamilioni. Alituuliza kama magunia yake yamekwisha patikana. Yamepatikana, na aje ayachukue, yako upande wa juu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu, kwa niaba ya Halmashauri